Kipande Kwenye Sahani

Kitu kigumu kilidondoka kwenye sahani ya chuma, na Selestina akajua jino lake limekwenda.

Akakaza vidole kwenye mikono ya kiti. Njia nzima kutoka Buger hadi kliniki ya meno, Karatu mjini, alijiambia asikubali kusafishwa, na bado alikuwa amekubali. Meno manne ya mbele, ya chini, yalikuwa yanacheza, na aliamini ugaga, ule uchafu uliogandia meno, ndio unaoyashikilia. Mwaka mzima hakuyapitishia mswaki, maana kila akiyagusa yalitoa damu.

"Daktari, umeling'oa."

"Hesabu, mama."

Akapitisha ulimi taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Yote yapo. Ila katikati upepo ulipita, mahali palipozibwa kwa miaka.

Daktari akamsogezea sahani. Kilikuwa kipande cha ugaga, cha kahawia, kigumu kama kokoto.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakula fizi, na fizi ndiyo inayoshika meno. Haya mengine yatakazika ukipiga mswaki. Hili la tatu siwezi kukuahidi."

Selestina akalisukuma la tatu kwa ulimi. Likayumba, likarudi. Kisha ulimi ukapanda juu, ambako daktari alikuwa hajafika, ukakuta ukuta uleule wa ugaga, mgumu, umetulia.

"Na huku juu," alisema, akapanua mdomo.