Firigisi ya Mkwe

Firigisi ilikuwa juu ya wali, mbele ya Kibwana, na hakuna aliyethubutu kumega tonge kabla mkwe hajaila.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nyama nimeacha, mwaka sasa. Jongo la miguu limepoa, natembea bila fimbo."

"Jogoo nimemchinja kwa ajili yako," alijibu Bi Hanuni, mama mkwe wake. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Sitaki yale maumivu yarudi."

Bi Hanuni alimshika mkono, akaugeuza. Kiganja kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa.

"Miguu imepona, sawa. Na damu je, imekwenda wapi?"

Kibwana aliuchomoa mkono, akainuka kwa hasira atoke. Hakufika mlangoni. Magoti yalimlegea, akaukumbatia ukuta huku jasho likimtiririka.

Mkewe, Tatu, aliichukua firigisi kwa vidole. Mke hamlishi mumewe mbele ya mama yake, na mle ndani kila mtu alilijua hilo. Akaipeleka hadi midomoni mwa Kibwana.

"Kibwana," alinong'ona, "mimi ndiye ninayekuokota bafuni."

Mchuzi ulimchuruzika Tatu mpaka kwenye kiwiko. Midomo ya Kibwana ilikuwa bado imefumbwa.