Chumvi Imezidi

Tangu Ruweida ashikwe na maradhi ya huzuni, alikula chochote alichopewa, kimya, kama mtu anayetafuna karatasi. Dawa za daktari alizimeza vivyo hivyo.

Asubuhi ile, nyumbani kwao Bondeni, alichovya hamri kwenye mbaazi, akatafuna, kisha akakunja uso.

"Mama, mbaazi hizi zimezidi chumvi."

Mamake akaganda, upawa mkononi. "Wasemaje, mwanangu?"

"Chumvi imezidi. Na tui ni jepesi."

Mama akaketi jamvini, akawa anacheka huku akijifuta macho kwa leso. "Alhamdulillahi! Hebu nikosoe tena."

Ruweida akatabasamu kidogo. Akainuka, akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia.

"Nazi zi wapi, Mama?"