Kifusi cha Maonyesho

Jumatatu saa nne asubuhi Bwana Isidori alikuwa amekwisha kuzunguka kijiji kizima cha Chiwanda akitafuta kifusi, na kifusi hakuna.

Alitafuta kwa bidii, suruali imenyooshwa kwa pasi. Ghala la zamani lililoanguka? Matofali yake yalikwisha kuwa majiko ya akina mama. Vigae vilivyovunjika vimesakafia vyoo. Misumari imenyooshwa juu ya jiwe mara tatu na kupigiliwa upya, fremu za madirisha ni milango ya mazizi ya mbuzi, na bati bovu kuliko yote lilikuwa limeanikiwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Aibu iliyoje. Mtaalamu mzima ametoka Mbinga na lori na Land Cruiser kuwafundisha watu wasitupe mabaki ya ujenzi, na watu wenyewe hawajawahi kutupa hata msumari. Afadhali angekuja kumfundisha Mnyasa kula samaki. Lakini ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria, mradi unakuja kwanza, shida yake inatafutwa baadaye.

"Ijumaa wafadhili wanafika," alimwambia Mama Hildegardi, nesi wa zahanati. Hakumpa hata shikamoo, na huyo ni sawa na mama yake mzazi. "Wanataka kuona kifusi kinapondwa na kufyatuliwa matofali mapya. Bila kifusi hakuna maonyesho. Bila maonyesho hakuna awamu ya pili."

"Na wodi yetu ya wazazi je?"

Hapo ndipo palipouma. Awamu ya kwanza iliwaahidi wodi ya kujifungulia. Wanakijiji wakafyatua matofali, wakayachoma, wakapandisha kuta hadi usawa wa madirisha. Ilipofika Krismasi saruji ya mradi ikakoma. Isidori alisema ilinyeshewa milimani ikaganda yote, basi. Tangu hapo akina mama wanajifungulia kwenye baraza ya zahanati, nyuma ya kanga mbili zilizofungwa kwa kamba. Mwezi wa tatu mvua ya upepo ilimkuta Beata pale, katikati ya uchungu. Mtoto aliishi siku mbili.

"Wodi itafuata, mama. Mambo ni hatua kwa hatua." Kisha Isidori akaziona zile kuta, uso ukamchangamka. "Hebu kwanza. Na gofu lile?"

"Gofu lipi?"

"Lile. Halina paa, halikaliwi na mtu, majani yameota ndani. Kitaalamu ile ni taka. Si nimewafundisha semina nzima? Livunjeni."

Fundi Kilian, aliyezijenga kuta hizo kwa mikono yake bila malipo, alifungua mdomo. Hildegardi akamkanyaga mguu.

"Kwa hiyo jengo lolote lisilo na paa, lisilokaliwa, lililoota majani, ni taka?" aliuliza taratibu, kama mwanafunzi mzito.

"Lolote lile."

"Basi tuandikie, baba, utie na muhuri. Kesho wasije wakatulaumu."

Akaandika. Mtu wa mradi umwombe maji atakunyima, lakini karatasi hakunyimi. Akagonga muhuri mara mbili, akawaachia lori na dereva mpaka Alhamisi, halafu akapanda Land Cruiser kwenda Mbamba Bay kuzisubiri bia zipoe. Hakurudi hata kuchungulia.

Jumanne alfajiri lori likaunguruma. Wanaume kumi walikuwa na nyundo na mitaimbo, Kilian mbele yao.

"Vunjeni polepole," Hildegardi aliwaambia. "Tofali likitoka zima, libaki zima."

Alhamisi jioni kifusi kilikuwa kimejaa katikati ya uwanja wa shule, vipande upande huu, matofali mazima upande ule. Wanaume walikuwa hoi. Lori lilikuwa limechafuka mpaka madirishani kwa udongo mwekundu, na Chiwanda ni mchanga mtupu. Dereva aliliosha ziwani.

Ijumaa Isidori akaja na wageni. Alipokiona kile kifusi alipiga makofi peke yake. Kisha akahutubia saa nzima, uhamasishaji huku, uendelevu kule, watoto wanasinzia juani. Akina mama wakaponda vipande, matofali kumi yakafyatuliwa, zikapigwa picha mia.

Mkubwa wa wafadhili alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, aliyekaa Songea miaka mingi na kukijua Kiswahili vizuri. Aliokota kipande akakigeuzageuza.

"Hii ni kazi nzuri sana. Lilikuwa jengo gani?"

"Gofu tu, mama," Isidori akadakia. "Lilikuwa la hatari kwa watoto."

Mzungu akamgeukia Hildegardi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa pale kwa umri.

"Shikamoo, mama. Ni kweli lilikuwa gofu?"

"Marahaba. Ni kweli, halikuwa na paa, halikukaliwa na mtu, na majani yalikuwa yameota, kama Bwana Isidori alivyotufundisha. Tulilikuta kule Mbinga mjini, lina vyumba sita. Mlinzi alisema ni la Bwana Isidori mwenyewe, tukamwonyesha barua yake yenye muhuri, naye akashika nyundo akatusaidia."

Isidori alikaa chini palepale, kwenye mchanga, na suruali yake ya pasi.

"Saruji tu ndiyo hatukuigusa kwa nyundo," Hildegardi aliendelea. "Mifuko themanini tuliyoikuta humo ndani, yote ina nembo yenu, mikavu kabisa. Tumeishusha wodini, na Kilian ameanza kupandisha kuta tangu asubuhi."