Tuta la Tatu

Tumbo la gari lilikwaruza lami, Zaheer akakanyaga breki. Lilikuwa tuta la tatu tangu watoke nyumbani kwao Mitchells Plain, na hospitali ilikuwa bado mbali.

Zile springi fupi zilizolishusha gari karibu na lami alizifunga mwenyewe, pamoja na rimu kubwa zilizomeza nafasi yote ya magurudumu. Kila penye tuta abiria hushuka, gari likavuka tupu. Rafiki zake walizoea kushuka wakicheka.

Leo abiria ni baba yake, ameshika kifua, kucha zimekuwa bluu.

"Litapita, Baba. Kaa!"

"Lipasuke chini, oili imwagike, tulale hapa?" Baba alijitahidi kutabasamu. "Hili si gari, mwanangu, ni mjusi."

"Nakuomba, usishuke."

"Mawili nimeshuka. La tatu ndio nini?"

Akashuka, akiegemea paa.

Zaheer alilivusha gari mshazari, taratibu, kwa ustadi wake wote. Halikugusa popote. Akanyoosha mkono, akamfungulia baba yake mlango, kisha akatazama kioo cha kuonea nyuma.

Baba alikuwa ameketi juu ya tuta, kidevu kimeangukia kifuani, viganja vimelala wazi juu ya lami.