Kila Litre Sita, Moja Inapotea

Mama Noëlla alifunga kifuniko ya tangi ya mafuta ya jipu na kufuli, akavuta kuona kama imekamata, kiisha akatia ufunguo ndani ya fundo ya kitenge yake.

"Sasa tuone nani anakunywa mazutu."

Katongo, shofere, akacheka, lakini macho yake haikucheka. "Bamayo, jipu njo inakunywa. Mimi ninakunywaka paka maji tu."

"Ingia. Twende."

Ilikuwa mara ya tatu yeye mwenyewe kukaa mbele, Biblia juu ya magoti, kutoka kambi ya Mantapala mpaka Kabuta kuchukua samaki. Jipu ilikuwa ya bamama kumi na mbili, bakimbizi bote ba Congo, na yeye njo balimuchagua aichunge. Mwezi ule mazutu ilikuwa imeisha njiani mara mbili. Samaki ikaoza, bakaimwanga kando ya barabara, na batoto ba nyumba kumi na mbili balilala njaa. Bamama balisema: tukipata mwizi wa pili, tunauzisha jipu, kila mutu atafute njia yake.

Zamani haikukuwa vile. Wakati bwana yake alikuwa anaendesha, mazutu ilitosha. Kiisha bwana akafa. Mwezi ule ule bamama balinunua pine kubwa za gurudumu, zile zinapita juu ya muchanga ya ziwa bila kuzama. Jipu ikainuliwa juu sawa ngamia, na kijana Méschac akashika usukani. Tangu pale kontere, ile inayohesabu kilometre, ikaanza kuonyesha neno moja tu: mazutu ya litre sita, njia ya litre tano.

Méschac aliweka mukono juu ya Biblia, akaapa hajauzisha hata tone. Lakini kontere haina ndugu, haina rafiki. Mama Noëlla mwenyewe alisimama mbele ya bamama na bazee ba kanisa, akasoma namba moja moja, na sauti yake haikutetemeka. Balimufukuza siku ile. Akavuka ziwa na mutumbwi ya bavuvi, akarudia Congo, kwenye vita. Juma ya pili habari ikafika: risasi ilimukuta kwenye njia ya Pweto, akafa. Batu balisema Mungu analipa haraka. Mama Noëlla hakutaja tena jina yake. Kama lazima ilikuwa, alisema "yule mwizi", basi.

Bamama bakaajiri Katongo, muvuvi wa Kabuta, mwenye bibi na batoto ine. Na kontere ikaendelea vile vile.

Mama Noëlla alijaribu yote. Alitoa chuma ya juu, ya kubebea mizigo. Alitoa chuma nzito ya mbele. Pine zikapigwa hewa mpaka zikawa ngumu sawa ngoma, filtre ikaoshwa. Alifunga kula siku tatu, akiomba. Haikubadilika hata kidogo.

Kule Kabuta, bauzishaji ba samaki baliona kufuli, bakaanza kucheka. "Ee Mama Noëlla!" Cadette akapaaza sauti. "Ufunguo ya nyumba unaachia jirani, ya tangi unalala nayo! Umeolewa tena?"

"Pima samaki, Cadette," akajibu.

Saa ya kurudi, balisimama Nchelenge kwa fundi Davison. Mama Noëlla akafungua kufuli na mukono yake, akajaza tangi mpaka mudomoni, akasoma kontere. Kila litre sita, moja haikuonekana.

Akageukia Katongo. "Nimekaa pembeni yako njia yote. Umeitoa namna gani?"

Katongo akavua kofia. "Awe, hapana, bamayo. Mimi si Méschac. Munataka na mimi nivuke maji, risasi inikute?"

"Ninakuuliza mazutu."

Davison akatoka chini ya jipu, mafuta mpaka kwenye ndevu. "Tangi haina tundu, Mama. Injini iko muzuri. Tuzunguke kidogo, sisi batatu. Nitatia telefone yangu mbele, nayo ihesabu njia."

Balikwenda, bakarudi. Davison akatazama telefone. "Kilometre ishirini. Na kontere?"

Katongo akainama. "Kumi na saba."

Davison akapiga pine na mukono.

"Mama, mutu murefu na mutoto mudogo bakienda pamoja kwa kanisa, nani anapiga hatua mingi?"

"Mutoto."

"Na njia?"

"Ni moja."

"Kontere haioni njia. Inahesabu paka hatua tu. Batengenezaji balipima na pine ndogo, ninyi mukamupa miguu mirefu. Jipu inatembea zaidi kuliko inavyosema; mukijaza kwa kufuata kontere, mazutu itaisha njiani. Hakuna litre inapotea."

Katongo akapiga magoti. "Lesa wangu, Mungu wangu! Bamayo, nimepona! Uambie bamama: hakuna mwizi!"

"Hakuna mwizi," Mama Noëlla akasema polepole. Kiisha akauliza: "Inasema uongo tangu lini?"

"Tangu pine zilifungwa, Mama. Siku ya kwanza kabisa."

Mama Noëlla akavua viatu. Akafungua kitambaa ya kichwa, nywele nyeupe zikaonekana. Akakaa chini pale pale, juu ya muchanga yenye kulowa mafuta, miguu mbele.

"Katongo. Enda Mantapala, uambie bamama bakuje na mikeka. Ubaambie mutoto yangu amekufa."

Katongo akashituka. "Mutoto gani, bamayo?"

"Méschac. Mimi njo nilimuzaa."