Usukani wa Sebuleni

Siku hizo marubani walirusha ndege wakiwa nyumbani kwao, na kila mmoja alijichagulia vifaa. Nyamizi alikwenda dukani na mumewe, Masele. Muuzaji akawaonyesha fimbo nyepesi ya kuongozea ndege, ya kuweka mezani, kisha usukani wa chuma wenye pedali.

“Tuchukue fimbo,” Masele alisema. “Usukani utajaza sebule.”

Nyamizi akamuuliza muuzaji, “Ndege ikitikiswa na upepo, mkono utajua?”

“Wa usukani utajua. Fimbo haisemi kitu. Wengi wanaipendea hilo, dada. Wanapata usingizi.”

Nyamizi akachukua usukani. Meza ya chakula ikatolewa, watoto wakazoea kula mkekani.

Wiki ya tatu, akiwa na abiria themanini juu ya Singida, dhoruba ilivutana naye dakika ishirini. Alipoitua ndege, mikono ilimtetemeka hata Masele akamshikia kikombe cha chai.

“Wamefika?”

“Wamefika wote.”

Nyumba ya pili aliishi Kulwa, rubani wa ndege iliyokuwa nyuma yake, ndani ya dhoruba ileile. Nyamizi alimwona kupitia dirisha. Mkono mmoja ulishika fimbo. Kwa mwingine alikuwa anakula embe, akipiga soga na mkewe.