Shibe ya Kuletewa

Tangu kampuni ya Shibe Njema ilipomwekea Rukia kidude nyuma ya sikio, chakula chake huliwa na mtu mwingine. Mlaji huyo hamjui, na yuko mji gani hakuambiwa. Huyo hula, tumbo la Rukia likashiba, na mwili ukazidi kupungua, kama alivyotaka.

Adhuhuri hiyo alipitiwa na jirani yake, Mwanakheri, aliyejiunga na kampuni nyingine. Yeye walimwondolea ladha.

"Pilau, uji, kwangu yote karatasi," alisema. "Wewe je, shoga?"

"Sina njaa kabisa. Jiko sijui niliwasha lini."

"Na shemeji?"

"Alivumilia. Kisha akahamia kwa dada yake, kunakopikwa."

Mwanakheri alilitazama sinia lililotundikwa ukutani, limeshika vumbi. "Umependeza lakini," akasema, akaaga. Zamani Rukia asingemwacha avuke kizingiti bila kula.

Mlango ulipofungwa, shibe ilianza kuingia. Rukia alinawa mikono, akaketi kwenye mkeka mtupu, akasema bismillahi. Likaja tonge la kwanza, likaja la pili, kisha pakatulia. Vituo hivyo alishavizoea. Huko aliko, mlaji wake hali peke yake. Kuna watu wamezunguka naye sinia, na sasa bila shaka ameulizwa jambo.

Rukia alijisogeza kando kidogo, kama anayempisha mwenzake, akanyamaza asije akamkatiza maneno.